Likizo ya Julai, pesa ya safari moja tu: tukaone ajabu gani ya asili?

Mwalimu wa Katuba

Jambo ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliotembea kweli, si wa watu waliosoma kama mimi.

Ninafundisha jiografia hapa Lubumbashi, Kongo. Miaka 18 sasa nachora maajabu ya dunia ubaoni kwa chaki za rangi: Kilimanjaro, jangwa la Namib, Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria. Mwezi wa pili mtoto mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ule moshi wa maji unanyesha kama mvua ama unaelea tu kama ukungu?" Nilikuwa nimetoka kuandika upana wa maporomoko, mita 1,708, na urefu wake, mita 108. Jibu la swali lake sikuwa nalo. Nikamwambia nitamjibu, na hadi leo sijamjibu.

Mwaka huu mimi na mke wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Zamu yetu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, inaangukia mwezi wa sita, na kwa mara ya kwanza hatuna deni la karo wala la bati za nyumba. Tumekubaliana: safari moja, kwa barabara, wakati wa likizo, Julai ama mwanzo wa Agosti. Mke wangu anataka Mosi-oa-Tunya. Shemeji yangu anasema tukaone Kilimanjaro. Jirani yetu anasema Julai ni kiangazi, maji yatakuwa yamekauka, tutaenda kutazama mawe. Nikiangalia mto wetu Kafubu unavyopungua mwezi wa saba naona kama jirani ana haki.

Mwenye kujua anisaidie. Pesa hii haitarudi mara ya pili.

Mtoto wa Himbi

Mwalimu, salamu kutoka Goma. Hongera kwa miaka 15.

Mimi sikushauri kuja kwetu mwaka huu. Hali ya usalama unaijua, na mlima wetu wa moto haupandwi. Ila huwezi kutaja maajabu ya asili bila kutaja Nyiragongo, na wanafunzi wako wajue iko ndani ya nchi yao. Mita 3,470, na tumboni mwake ziwa la moto. Utoto wangu wote, usiku ukiwa na mawingu, nilikuwa naona mawingu juu ya mlima yamekuwa mekundu, na bibi alikuwa anatutuma dukani kwa mwanga ule bila tochi. Kabla ya hali kuharibika wageni walikuwa wanapanda kutoka Kibati, saa tano hivi za kutembea, wanalala juu kwenye ukingo na baridi kali, wanatazama chini moto unavyochemka na kupasuka usiku kucha.

Tarehe 17 Januari 2002 ulishuka mjini ukapita katikati ya nyumba hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ukashuka tena, ukasimama pembeni mwa mji. Nyumba ninayokaa imejengwa juu ya jiwe la 2002, na ukuta wake ni jiwe hilo hilo, jeusi, lenye matundu kama mkate. Ukilikwangua kwa kisu linatoa vumbi la kung'aa.

Haya niliyoyaandika wasomee watoto. Mlima wetu utawangoja.

Chofere wa Shaba

Mwalimu, mwambie jirani yako hapana. Na mwambie mke wako ndiyo.

Mimi ni chofere wa lori, mwaka wa 22 barabarani. Napakia shaba hapa Lubumbashi, navuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, na kutoka hapo ni Dar es Salaam, Durban ama Walvis Bay, kadiri mwenye mzigo anavyotaka. Njia ya Walvis Bay inapita mji wa Livingstone, Zambia, kilomita kama kumi tu kutoka kwenye maporomoko. Nimeyaona mwezi wa nne, wa saba, wa kumi na wa kumi na moja, na nakuapia si kitu kimoja. Watu wanauliza wapi pazuri pa kwenda. Barabara imenifundisha kuuliza kwanza mwezi gani.

Nianze na kosa langu. Mwaka wa 2011 nilimwahidi mke wangu kwamba nitampeleka aone moshi unaonguruma, maana ndiyo maana ya lile jina, na Mswahili yeyote akisikia "mosi" tayari amesikia moshi. Nilikuwa nimeuona mwezi wa nne, nikadhani upo tu siku zote, kama mlima unavyokuwepo. Nikampeleka Oktoba, kwa sababu ndipo nilipopata siku nane za mapumziko. Alishona kitenge kipya kwa ajili ya siku ile. Tukafika upande wa Zambia saa tatu asubuhi, joto limeshaanza kuchoma, tukatembea hadi ukingoni, na mbele yetu kulikuwa na ukuta wa jiwe jeusi, mkavu, mrefu, una majani makavu kwenye nyufa. Maji kidogo sana kule mbali upande wa Zimbabwe. Palikuwa kimya hadi tukasikia mlio wa ndege. Mke wangu akatazama muda mrefu, akaniuliza polepole: "Baba Kalenga, ndiyo hii?" Tulikuwa tumetumia pesa ya bati la chumba kimoja. Alikunja kitenge kile jioni na hakukivaa tena mwaka ule wote.

Sasa sababu, kwa vile wewe ni mwalimu. Mto Zambezi unazaliwa karibu kabisa na mpaka wetu, upande wa Mwinilunga, unaingia Angola, kisha unarudi Zambia. Mvua inayonyesha kule ni hii hii yetu, Novemba hadi Machi. Lakini kabla maji hayajafika Livingstone yanapita kwenye uwanda mkubwa wa Walozi, tambarare kama sahani. Pale mto unatoka kitandani mwake na kutapakaa, hadi mfalme wao, Litunga, anahama kwa ngalawa kubwa kwenda nchi kavu, ndiyo sherehe wanayoiita Kuomboka. Uwanda ule unayashika maji na kuyaachilia taratibu. Kwa hiyo wakati huku Katanga mvua imekatika na Kafubu yako imeanza kupungua, kule chini mafuriko ndiyo kwanza yanafika. Kilele ni mwezi wa nne. Mwezi wa saba mto bado una nguvu. Unaisha kabisa Oktoba na Novemba, na wa kwanza kukauka ni upande wa Zambia, pale nilipomsimamisha mke wangu. Upande wa Zimbabwe una maji mwaka mzima.

Utauliza: si ningeenda Aprili, kwenye kilele? Hapo nije kwenye swali la yule mtoto wa kiti cha nyuma, ambalo ni swali zuri kuliko mengi ninayosikia kwa watu wazima.

Maporomoko mengine mto unafika mwisho wa jabali na kuanguka mbele, kwenye bonde lililo wazi. Huu hauna bonde mbele yake. Ardhi imepasuka kwa kukata mto, ufa mrefu na mwembamba, na mto wote unatumbukia ndani ya ufa. Wewe unasimama ng'ambo ya ufa, umeyakabili maji uso kwa uso, kama mtu aliye dirishani akitazama nyumba ya jirani. Maji yakigonga chini hayana pa kwenda isipokuwa kwenye mdomo mmoja mwembamba, na upepo wake hauna pa kwenda isipokuwa juu. Kwa hiyo moshi ule unapanda. Unapita mbele ya macho yako ukielekea mbinguni, mweupe, wa haraka. Halafu unachoka, unageuka matone na kukuangukia kichwani, mvua kubwa kabisa, na jua linawaka.

Mwambie hivyo: unaelea kwanza, halafu unanyesha. Na anayetembea kwenye kile kidaraja cha miguu cha upande wa Zambia mwezi wa nne ananyeshewa pia kutoka chini. Sisemi kwa kutia chumvi. Nilihisi maji yakiingia ndani ya mikono ya shati kutoka kwenye viganja, yakipanda hadi kwapani. Mwenzangu alikuwa hatua tatu mbele yangu na nilikuwa simwoni, naona tu koti la mvua la manjano likija na kupotea. Na mngurumo husikilizi kwa sikio, unausikia hapa kifuani, kama spika ya kanisa ukisimama karibu nayo. Ni jambo kubwa. Lakini maporomoko yenyewe sikuyaona siku ile. Niliona weupe tu.

Julai umepata vyote viwili. Moshi upo, utalowa, lakini pazia linafunguka na unaona ule ukuta wa maji kutoka upande hadi upande. Ukisimama asubuhi jua likiwa mgongoni unaona upinde wa mvua chini yako, karibu mviringo mzima. Hali ya hewa ni kama yetu ya Julai, mchana pazuri, usiku baridi ya kutetemeka. Chukueni sweta.

Kilimanjaro ni mlima mzuri, nimeuona kwa mbali. Lakini kuupanda hadi juu ni siku sita ama saba, pamoja na waongozaji na ada ya kila siku, na kuna watu wanarudishwa njiani kwa ugonjwa wa kimo. Hiyo ni safari ya kujiandaa peke yake. Kwa pesa ya likelemba na mke asiyewahi kulala kwenye hema, nisingethubutu.

Mama Masuku

Nimependa sana maelezo ya Papa Chofere, na hilo la mwezi nalitia sahihi. Ila nalalamika kidogo: sisi Wakatanga tunavuka mipaka tukiwa na Lofoi nyumbani.

Mimi natoka Likasi. Mto Lofoi unaanguka kutoka juu ya uwanda wa Kundelungu, zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Niagara ya Wamarekani ni mita 50 na kidogo, mwalimu, andika hilo ubaoni! Nilifika mwishoni mwa Aprili na kikundi cha parokia. Barabara ni mbaya, gari la kawaida haliwezi, na mwisho unatembea. Hakuna vizuizi vya chuma, hakuna wauza vinyago, ni nyasi ndefu tu, upepo, na ule mstari mweupe unaoning'inia kwenye jabali. Unasimama kimya. Mwenzetu mmoja alianza kuimba zaburi kwa sauti ya chini na hakuna aliyemshangaa.

Ila ni kweli, Julai umeshakonda, na Septemba huwa uzi. Kwa hiyo safari hii nendeni Livingstone, lakini Aprili nyingine, hata bila mke, panga na walimu wenzako twende Lofoi. Inaniuma watoto wetu wanajua jina la maporomoko ya Venezuela na hili hawalijui.

Chofere wa Shaba

Mama Masuku, umenigusa mahali. Miaka 22 nimepita kilomita kwa maelfu na Lofoi sijafika. Nitafika.

Na jina lako limenikumbusha kitu. Mwalimu, kama siku moja utapata nafasi mwezi wa kumi na moja, usiende kwenye maji, nenda Kasanka. Kuna mbuga ndogo kule Zambia, ukipita Serenje kuelekea Mansa, si mbali na ile pembe ya nchi yetu inayoingia kwao. Ndani yake kuna kipande cha msitu wa kinamasi, kidogo sana. Mwisho wa Oktoba popo wanaanza kufika, na wengi wanatoka huku kwetu Kongo. Wanahesabiwa kwa mamilioni, wengine wanasema 10. Popo wakubwa, wale wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, bawa hadi bawa karibu sentimita 80. Wanafuata matunda ya mwitu yanayoiva na mvua ya kwanza, na masuku ni mojawapo, masuku haya haya tunayonunua kwa mafungu barabarani.

Nililala Serenje siku mbili gari likingoja kifaa, nikaenda na kijana mmoja wa gereji. Jua lilipokuwa linagusa miti, popo mmoja akatoka, halafu kumi, halafu mbingu ikajaa. Hawalii sana, ni mbawa unazosikia, kama watu wengi wanakung'uta shuka. Wakipita dhidi ya jua unaona mwanga kupitia ngozi ya bawa, na mifupa yake kama vidole vya mtoto. Wakiwa wamelala mchana wananing'inia wengi hadi matawi yanavunjika. Mwisho wa Desemba karibu wote wameshaondoka, msitu unabaki mtupu. Kule napo, ukikosea mwezi umekosa kila kitu.

Mtoto wa Himbi, wewe pekee ndiye umeniweza. Moto wenu hauna mwezi. Poleni kwa yote mnayopitia.

Mwalimu wa Katuba

Nimesoma yote mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti tukiwa jikoni. Nilipofika kwa yule mama aliyekunja kitenge, mke wangu aliacha kusonga bukari akasema, "Huyo mwanaume alimrudisha kweli?" Naomba umjibu, Papa, maana ameniambia hatalala.

Ule ufa unaokata mto nimeuchora tayari. Miaka yote hii nilikuwa namchora Zambezi anaanguka mbele kama maji ya bomba. Jumatatu nafuta na kuanza upya.

Maswali matatu madogo. Njia gani kwa mtu asiye na gari? Karatasi gani? Na nimesoma kwamba kuna upinde wa mvua wa usiku, wa mbalamwezi. Ni kweli ama ni maneno ya kuuza vyumba?

Dada wa Kasumba

Hilo la karatasi nijibu mimi, navuka kila wiki na bidhaa. Pasipoti zenu na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, msiisahau, bila hiyo mtarudishwa ama mtapoteza siku. Kuhusu viza ulizeni kwenye konsulati ya Zambia hapa hapa mjini kabla ya kununua tiketi, msisikilize vijana wa mpakani wanaojifanya wanajua. Dola zenu ziwe safi, noti iliyochanika hata kidogo wanaikataa. Mwalimu, kama unajua Kibemba kidogo kitakufaa hadi Lusaka. Baada ya Lusaka kinaisha nguvu.

Na vukeni asubuhi na mapema. Saa nne mpaka umeshajaa.

Chofere wa Shaba

Sikiliza huyo dada, amesema yote.

Njia: teksi-basi hadi Kasumbalesa, mvuke kwa miguu, ng'ambo mpande gari la Kitwe, na Kitwe kuna mabasi makubwa ya Lusaka. Laleni Lusaka. Msiunganishe usiku, nakuomba kama ndugu. Mimi naijua barabara ile usiku, najua tunavyosinzia, najua lori lisilo na taa linavyosimama katikati ya njia. Asubuhi chukueni basi la Livingstone, ni kilomita kama 470, mtafika jioni. Karibu na mji, kama anga ni safi, mwambie mama akae dirishani na aangalie mbele. Ataona wingu dogo jeupe limesimama peke yake juu ya miti, halisogei na upepo kama mawingu mengine.

Simu wekeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja hautoshi, nimepoteza simu pale. Viatu vya mpira vyenye meno, mawe ya njia yanateleza. Na nendeni mara mbili, asubuhi na alasiri, jua likiwa pande tofauti.

Upinde wa usiku ni kweli. Siku za mwezi mpevu wanafungua geti usiku, na Julai bado kuna moshi wa kutosha kuutengeneza. Kwa hiyo tazama kalenda kwanza, ndipo upange siku ya kuondoka, siku mbili tatu zinaleta tofauti. Mkiingia zimeni tochi na simu, mwezi uwe mgongoni. Mwanzoni hutaona kitu. Halafu utaona mkunjo mweupe ndani ya moshi, kama mtu amechora kwa chaki na kufuta nusu. Usiondoke hapo. Macho yakizoea giza, rangi zinaanza kutoka taratibu, ukingo wa nje unakuwa mwekundu hafifu, ndani kama kijani.

Na mama apate usingizi: ndiyo, nilimrudisha. Ilikuwa Julai 2014, usiku wa mwezi mpevu, na kitenge ni kile kile. Nilikuwa bado natafuta huo upinde upande usio wake. Mke wangu ndiye aliyeuona kwanza, akanivuta mkono.